Baluku Wawili, Kitenge Kimoja

Bwera, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na milima haionekani kabisa. Leo ni siku yangu ya kumi na moja kazini bila kupumzika. Wenzangu wawili wanaumwa, mmoja ameacha kazi. Na mimi barua ya kuacha iko mfukoni mwa sare tangu Ijumaa.

Niseme ukweli: leo nilikaribia kumuua mtoto.

Kwetu Wakonzo mvulana wa kwanza ni Baluku, kwa hiyo wodi ya watoto haikosi Baluku. Leo walikuwa wawili, vitanda vimepakana. Mmoja alihitaji sindano. Wa pili, mwili wake unaikataa dawa hiyohiyo, na ni mimi niliyeandika hivyo kwenye faili lake kwa wino mwekundu. Siku zote tunauliza pia jina la mama. Leo sikuuliza. Nilisikia Baluku, nikamshika mkono huyo wa pili.

Bibi yake akanishika wangu.

"Sista, dawa iko ya Baluku ule."

Hakupaza sauti. Nilimchoma aliyestahili, kisha nikaenda kuegemea sinki, nikalia. Nikajua atanishtaki, na ni haki yake.

Niliporudi, bibi alikuwa amechana ukingo wa kitenge chake, kitenge kizuri cha kwendea kanisani, akamfunga mjukuu wake mkononi. Mama wa yule Baluku mwingine naye alikuwa anachana kitambaa chake cha kichwa, cha njano, ili kila Baluku awe na alama yake. Hakuna aliyewaagiza. Mimi niliyeisomea kazi hii nilisimama pale nimeduwaa.

Kisha bibi akaniita, akachana kipande kingine, akanifunga na mimi. Nikamwambia mimi si mgonjwa.

"Na wewe iko mutoto ya mutu," akasema, akanipa kikombe chake cha uji.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wodi, nikamweleza kosa lote. Aliliandika, halafu akaniuliza mara ya mwisho nililala vizuri lini. Amenipa siku mbili za kupumzika.

Barua sijaichana, sitadanganya. Nimevua sare, nimeoga, lakini kile kipande cha kitenge kimenishinda kukifungua.

Nimempigia mama, yuko nyumbani kwetu Kitswamba. Nimemwambia kesho nakuja, na sileti habari yoyote. Nakuja kulala tu.