Vifuniko Alivyoviosha Mama

Nyuma ya Soko Kuu,
Maymyo, Burma.
4 Machi 1986

Mpendwa Mjomba Kyaw Hla,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Kifua kinaendeleaje? Chumba cha mitambo melini bado kina joto lile? Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa.

Keshokutwa alfajiri Baba anamshusha mdogo wangu Htun hadi Mandalay akanyolewe na kuingia utawa. Nguo za kifalme atakazovaa kabla ya kunyolewa zimeshashonwa. Gari ni jipu letu lilelile la wakati wa vita.

Wiki iliyopita konrodi mbili, zile fimbo za pistoni, zilipinda. Nikafungua zote nne, nikachomoa mbili nzima kutoka kwenye jipu bovu ulilotuachia uani. Nilizitia rangi ulivyonifundisha, kila konrodi na kifuniko chake kinachoibana chini rangi moja, maana hata vikifanana kama mapacha havibadilishani. Kisha nikaenda kutafuta gasketi. Niliporudi, Mama alikuwa amesugua kila kitu kwa majivu hadi rangi zote zikatoka, na kuvipanga vifuniko mkekani kama vikombe vya wageni.

"Vilikuwa vinatia aibu," akaniambia. "Sasa hata mtawa utamtilia chai humo."

Sikujua nicheke au nilie. Nilivioanisha kwa ukucha: ukipita kwenye maungio bila kukwama, hiyo ndiyo jozi yake. Viwili vilikubali. Kwa viwili vilivyobaki ukucha unakwama kidogo, hata nikivibadilisha. Nimechagua, nimefunga, na injini imewaka. Lakini naogopa, Mjomba. Breki za gari hili unazijua, ni za jina tu. Mteremkoni ni injini inayotushika. Konrodi ikikatika konani, tumekwenda bondeni.

Nilimsihi Baba angoje.

"Saa katoa mnajimu, mwanangu," akasema. "We unataka nikamwambie nini, kwamba mama'ko kaosha vyombo?"

Basi nitakaa mbele pamoja naye, nikiisikiliza injini kona kwa kona. Mama ametundika matawi ya baraka mbele ya jipu. Hajui ninachokiogopa, na sitamwambia.

Bibi anakusalimu sana. Htun anataka umletee saa. Nisalimie Soe Paing wa jikoni melini. Baraka zikufunike popote bahari ikupelekapo.

Barua hii itachukua wiki mbili kufika Singapore; telegramu hufika siku moja. Kama hii ndiyo habari ya kwanza kukufikia kutoka kwetu, basi unicheke, Mjomba, unicheke sana. Tulifika.

Mpwa wako akupendaye na kukukumbuka,
Nwe Oo