Tulidhani Umelala

Kaka Otmari,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa hivi, ila sijui nianzie wapi. Sisi tupo. Mama yupo. Mahindi tumevuna. Cherehani yangu bado iko barazani hapa Mfaranyaki, ingawa siku hizi watu wananunua mitumba na kuniletea ya kupunguza tu. Wanasema nina moyo wa jiwe kwa kuwa silii. Sisikii kitu, kaka, basi.

Nakumbuka uliporudi kutoka kwa shangazi kule Maposeni. Tulikupeleka wenyewe, ukae mbali na unga uliojifunza kuvuta Dar. Miezi miwili ya kulima. Ulirudi umenenepa, ukanitania kwamba jembe la shangazi ni kali kuliko polisi. Mama akachinja jogoo. Tukasema umepona, wala habari ya unga hatukuitaja tena.

Siku ya tatu, mchana, uliingia chumbani. Nilikuwa nashona sare za shule. Nikakusikia unakoroma, kwa kukatakata. Mama akasema, "Mwache alale, shangazi yake kamchosha." Nikacheka, nikashona kola mbili zaidi. Ulipokaa kimya ndipo nikaingia. Midomo yako ilikuwa imekuwa myeusi. Tukakunywesha maziwa, maana tulijua sumu huvunjwa kwa maziwa. Yakatoka pembeni ya mdomo.

Msibani tulisema malaria. Nesi jirani yetu alinyamaza mpaka matanga yakaisha, kisha akanieleza. Kule kukoroma ndiko kulikokuwa kufa. Mwili uliokaa miezi miwili bila unga hauwezi tena kipimo cha zamani. Maziwa huziba njia ya pumzi. Mtu hulazwa ubavu, pumzi ikikatika anapuliziwa mdomoni, anakimbizwa hospitali, na haachwi peke yake. Nilimsikiliza kama anayesomewa risala.

Nikaenda Mjimwema kwa rafiki yako Zuberi na wenzake wanaovuta, nikawaambia ukweli wote. Mama akanisusa. Akasema nimekuvua nguo ukiwa kaburini. Tukawa tunakula ugali sahani moja bila kusemezana.

Juzi Zuberi katoka rumande, akavuta ileile kete yake ya siku zote. Wenzake hawakukimbia. Walimbeba mpaka barazani kwetu, midomo imeshabadilika. Nikampulizia, nikampulizia, huku nawaza nyuzi za cherehani. Alipovuta pumzi mwenyewe tukamlaza ubavu, tukampakia kwenye pikapu ya muuza mahindi hadi hospitali. Yuko hai. Jana alikuja kuomba uji.

Mama alikuwa mlangoni muda wote. Pikapu ilipoondoka akaniuliza, "Kumbe ni hivyo tu?"

Nikamjibu, "Ni hivyo tu, mama."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na kanga yake safi ya kanisani.

Pumzika, kaka. Mwanga wa Bwana ukuangazie. Nakuahidi, kila atakayerudi kutoka shamba au rumande nitamfuata nimwambie kilichokuua, na nitataja jina lako. Mama ameniruhusu.

Mdogo wako,
Gaudensia