Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza duka la vipodozi. Jamani, nimegeuzwa bango! Bosi kanikalisha kitini, kanipaka praima yake mpya, ya kutangulia poda, upande wa kulia tu. Kushoto niache hivi hivi, wateja walinganishe. Ina rangi kidogo, inaziba vitundu vya ngozi. Kikopo cheupe, hakina hata jina. Nikasema haya, uso wangu huu saa nne tu unang'aa kama umepakwa samli, tuone. Kufika jioni – kulia pakavu! Kushoto ungekaangia yai. Nimeuliza aliyekuwa hapa kabla yangu yuko wapi. Bosi kasema kaolewa, kahama.

Jumatano, 5 Machi
Rafu ya praima imebaki tupu. Kizuri chajiuza! Kikopo kimoja nimemletea mdogo wangu, bibi harusi wetu wa tarehe 15. Ngozi yetu moja, tumerithi kwa mama. Kajipaka uso mzima papo hapo. Nusu ya nini, kasema, yeye si bango la duka. Tumecheka mpaka mama akaja kuchungulia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekamua chunusi, shavu la kulia. Haikuuma. Nikakamua mpaka damu – wapi! Kama shavu la mtu mwingine. Nimemwambia bosi. Kacheka: wenzio wanalia chunusi zinauma, wewe unalia haziumi! Nami nikacheka. Kazi hii nimeitafuta mwaka mzima.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi mteja kaninyooshea kidole: dada, chai inakumwagikia. Blauzi yote! Ilikuwa inachuruzika pembeni mwa mdomo, ya moto, wala sikuisikia.

Mchana kaingia mwanamke, skafu imemfunika shavu la kushoto mpaka jichoni. Hakushika kitu. Kaniangalia weee, kisha kauliza, "Wewe wamekupa upande gani?"

"Wa kulia."

"Mimi walinipa kushoto."

Akatoka. Mlinzi wa mlangoni kaniambia huyo ndiye aliyekuwa anasimama hapa kabla yangu. Kaolewa na nani, kahama wapi! Anakaa mtaa wa pili.

Jioni nimemkuta mdogo wangu chumbani, anajipaka. Nilitaka kumwonya, nikarudisha mlango. Anaolewa yeye, mimi mkubwa bado niko kwa mama. Nitaonekana nina kijicho. Mwoga mimi, nakubali.

Jumanne, 11 Machi
Nimeosha mara nne, kwa sabuni ya kufulia. Kulia laini vile vile. Nimesogelea kioo – vitundu havipo, hata kimoja. Sikupaka kitu, nikaenda kazini hivyo hivyo. Bosi kanisifu: leo umepaka vizuri!

Nimerudi, nimemwambia mdogo wangu. Itupe ile praima, leo hii. Kanikazia macho. Kasema alijua tu nitashindwa kuivumilia harusi yake. Usinitie nuksi, dada! Kabamiza mlango.

Jumatano, 12 Machi
Kaninunia. Mezani uso mkavu, hata mama alipomtania kuhusu bwana harusi. Haya, anune. Kikopo nimekitafuta nikitupe, sikioni. Kakificha.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika chooni, nimejifungia. Fundi kaleta gauni, sebule imejaa mashangazi. Mdogo wangu kalivaa. Kapendeza, Mungu wangu! Uso kama yai lililomenywa. Vigelegele. Mama kashika simu apige picha. Tabasamu basi, bibi harusi.

"Si natabasamu, mama?"

Hakuna kilichosogea. Mama kasema acha utani, mwanangu, watu wanasubiri.

"Jamani, nacheka!"

Vigelegele vikakatika. Macho yake yakatafuta kioo, halafu yakanitafuta mimi. Kumbe jana hakununa! Nikakimbilia huku.

Mama anagonga. Anauliza: kikopo ulikitoa wapi, na wewe mwenyewe si umejipaka? Nimefungua mdomo nimjibu. Umefunguka upande mmoja tu.