Kroshe ya Fuso kwenye gari ya kilo mia sita

Mama Emérence, mpendwa mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia, na nakusihi usitaje jina langu, mimi ni mekanisien hapa Butembo, nina miaka thelathini na minne, mke na watoto wawili, na kazi yangu naijua, hilo nalisema bila kujisifu, gari nyingi zinazopanda Lubero na kurudi bila kukohoa zimepita mikononi mwangu.

Baba mkwe wangu ni transporter, mzee wa malori ya Fuso, mwenye depo hapa hapa mjini, na mimi nilimtengenezea malori yake miaka sita, ndivyo nilivyompata binti yake, lakini miaka miwili iliyopita niliacha kazi yake nikafungua karakana yangu, akakasirika, akanyamaza, hata mtoto wetu wa pili alipozaliwa alituma mchele na mafuta lakini yeye hakuja, na mke wangu alilia sana. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba nilianza kujijengea gari ya mbio, nyekundu, ya viti viwili, haina paa, mabomba membamba ya chuma niliyoyaunganisha mwenyewe na bodi ya fibre iliyotoka Kampala, yote haifiki kilo mia sita, wanaume wanne wanainua pua yake wakicheka. Mzee alipoiona alisema mbele ya watu, "Bokilo yangu ameacha kazi ya batu bakubwa, iko natengeneza jouet ya batoto!" Yaani mimi, mkwe wake, natengeneza kichezeo cha watoto.

Sasa, sisi madereva wa mbio tuna klabu yetu, na mara nne kwa mwaka tunakutana kwenye uwanja wa udongo mwekundu upande wa Musienene, kila mtu anazunguka peke yake na saa inampima, na kwa sababu mara iliyopita gari moja ilizama pembeni, watu wakafunga kamba kwenye chuma kinachoshika gurudumu wakaling'oa gurudumu lenyewe, klabu ikatoa sheria kwamba kila gari iwe na mahali pa kuvutia mbele na nyuma, pa nguvu, pamepakwa rangi inayoonekana, la sivyo haiingii. Gari ya kuvuta wengine itakuwa Land Cruiser ya baba mkwe, klabu ilimwomba naye akakubali, ataiendesha mwenyewe.

Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, Mama, kwa sababu mzee aliposikia sheria hiyo alikuja karakanani kwangu, mara ya kwanza katika miaka miwili, amebeba kroshe, ile ndoana kubwa ya chuma ya kufungia kamba, ameitoa kwenye Fuso yake ya kwanza kabisa, iliyokuwa ikibeba viazi vya Lubero mpaka Beni kabla mke wangu hajazaliwa, nzito hata inataka mikono miwili. Akaniambia, "Ii kroshe ilinitoa mu matope ya Mbau mara mingi. Leo ninakupatia." Nilitaka kulia. Akavaa miwani ya kuchomelea, akainama mbele ya gari, akauliza, "Mais, ii motokari, shasi yake iko wapi?" Nami niliona aibu kumwonyesha kwamba shasi, uti wa mgongo wa gari, ni yale mabomba membamba, niliogopa aseme tena neno jouet, nikagusa bomba la mbele ambalo kazi yake ni kushika radiateri tu, nikamwambia, "Ni hii, papa. Iko nguvu." Akachomelea kroshe hapo, kwa ufundi mzuri sana, kisha akala bugali kwetu, akambeba mtoto, na mke wangu tangu siku hiyo anaimba jikoni.

Jumamosi iliyopita rafiki yangu Esdras aliivuta gari kwa pickup yake, polepole tu, tujaribu, lile bomba likapinda na pembeni ya kroshe ukatokea ufa mwembamba, nikajua kwamba kwenye matope ya kweli itang'oka. Nilichofanya, Mama, ni kupaka mastiki ya kuzibia bodi juu ya ufa na rangi nyekundu juu ya mastiki. Nikiitoa, mzee ataona Jumapili kwamba nimetupa zawadi yake na atarudi kwenye ukimya wake, na nyimbo za jikoni zitaisha. Nikiiacha, naomba Mungu nisikwame. Esdras anasema nifunge nyingine za kweli chini ya gari, kwa siri, hii ibaki ya kumpendeza mzee. Nifanye nini?

Mkwe mwenye hofu, Butembo

*

Pole, mwanangu. Miaka miwili ya ukimya wa baba mkwe si mchezo, na mzee akikunyooshea mkono huwezi kuukataa. Pole yangu inaishia hapo.

Umeniandikia habari ndefu ya kroshe, mais kroshe haina kosa, na mzee hana kosa. Aliuliza swali ambalo kila mtu wa malori huuliza kabla ya kufunga kamba: shasi iko wapi? Alikuuliza wewe uliyeijenga gari, ukamdanganya. Neno hilo umelipitisha haraka katikati ya miwani na bugali, ukidhani sitaliona. Nimeliona. Unasema kazi yako unaijua, na mimi nakuamini, ndiyo maana nakukasirikia. Asiyejua angekuwa na la kujitetea.

Na mastiki! Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa mastiki na rangi. Siku kroshe itakapong'oka, mji mzima utasema mzee yule hajui kuchomelea. Jina alilolijenga tangu Fuso ya kwanza utalimaliza asubuhi moja, kwa sababu uliona haya ya bomba jembamba.

Mimi si mekanisien. Nimelea watoto saba na nimezika mume aliyeendesha lori, basi habari za kamba za chuma nimezisikia za kutosha. Hata hivyo nilitoka kumuuliza Abdias, anayechomelea milango nyuma ya studio yetu. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mama," akasema, "kama kamba inakazwa na kroshe inatoka, haiangukake chini. Inaruka ku ule mwenye iko navuta." Na mwenye kuvuta Jumapili ni nani? Atakuwa amekaa kwenye Land Cruiser yake, amekupa mgongo, na chuma cha Fuso kinamfuata kisogoni. Wewe unaogopa uso wake. Mimi naogopea kichwa chake.

Ya Esdras usiyasikilize. Mtu anayekimbia na kamba kwenye matope hatafuti siri zako chini ya gari. Atafunga kwenye kile anachokiona, na wewe umekipaka rangi nyekundu.

Donc, fanya hivi. Toa bodi ya mbele yote. Kwangua mastiki mpaka ufa uonekane. Peleka gari kwa mzee ikiwa uchi hivyo hivyo, usimtangulize mke wako, usibebe sukari wala kuku. Mwambie: papa, nilikudanganya, hii haikuwa shasi, nilisikia haya mbele yako. Halafu nyamaza, umwache aseme yote atakayosema.

Akimaliza, muombe akuonyeshe pa kuvutia. Abdias anasema ni kwenye mabomba makuu ya shasi, pale yanaposhikwa na vyuma vya magurudumu, kibati kinene huku na kibati kinene kule, bulon ngumu ya kuvibana katikati, na kitanzi cha mkanda wa nguvu badala ya chuma kizito. Mbele na nyuma, rangi inayoonekana, na kuvuta ni polepole, bila kushtua. Mzee akisema vingine, fuata ya mzee, lakini safari hii aone mabomba yote. Kuhusu kroshe, yeye ndiye ataamua. Abdias anadhani inafaa nyuma ya Land Cruiser, kwenye gari yenye shasi ya kuibeba. Na kama Jumapili hamjamaliza, gari yako haizunguki. Utasimama pembeni upige makofi.

Atakasirika? Atakasirika sana. Mais mtu aliyetumia maisha yake kutoa malori matopeni hawezi kushindwa kumtoa mkwe wake.

Neno la mwisho. Uliniomba nisitaje jina lako, na sikulitaja. Gari hukuniomba niifiche, nami barua yako nimeisoma yote hewani kwa makusudi: nyekundu, viti viwili, haina paa. Katika Butembo hii ziko ngapi? Sasa ni saa nne na dakika kumi asubuhi, na kwenye madepo watu wameshashika simu zao kumpigia mzee. Unikasirikie kesho. Naweka muziki sasa, wimbo mmoja tu, na ukiisha uwe umeshafika mlangoni kwa mzee.