Mama Anakuulizia

Nachingwea,
14 Mei 1950

Mdogo wangu Yunusi,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Adinani, na za watoto wanaomtaja mjomba wao kila siku na hawamjui hata sura. Sisi wazima. Wewe je, kifua hakikusumbui? Umepata mtu wa kukupikia, au bado unakwangua ugali wa jana kwenye sufuria kama mtu asiye na dada?

Mama nimemtoa kijijini kwetu Matambarale, niko naye hapa kwangu. Miguu ilianza kuvimba na pumzi inamkatika, na kule hakuna daktari. Hapa Wazungu wa mashamba ya karanga wana hospitali. Wamempa vidonge, uvimbe umeshuka kidogo. Daktari anasema moyo umechoka. Nilimwuliza dawa ya moyo uliochoka ni ipi, akafuta miwani yake.

Utacheka nikikwambia. Asubuhi Adinani na wenzake wakiwasha matrekta ya kampuni, mama anadhani tuko kule mgodi wa dhahabu wa Lupa, Kambi ya Mawe Meupe. Anadhani ni ile mashine ya kusaga mawe. Juzi kaniambia, "Zaina, honi imelia, mpelekee baba yako chakula." Baba tuliyemzika huko mwaka wa thelathini na nane! Nikamjibu nimeshampelekea. Ningesema nini? Halafu akili inamrudia, ananiuliza, "Yunusi anakuja lini?" Hilo analiuliza na akili zake zote, asubuhi na jioni.

Ulisema unabaki kuchukua nafasi ya baba mgodini kwa mwaka mmoja tu. Hesabu mwenyewe umekuwa mingapi.

Dada yako,
Zaina binti Abdala


Kambi ya Mawe Meupe, Lupa
20 Juni 1950

Dada yangu Zaina,

Shikamoo, na shikamoo nyingi zaidi kwa mama. Barua yako imenikuta mzima. Kifua ni cha kawaida, usianze.

Habari ya mama na matrekta imenichekesha, kisha nikaacha kucheka. Ungeiona kambi sasa! Zile nyumba za Waingereza zilizopangwa mstari mmoja, na bustani za kabichi mbele, nyingi ni tupu. Mashine inasaga siku tatu tu kwa wiki, na siku inaponyamaza sipati usingizi. Kila nikitoka zamu napita kwenye ile baraza ambapo Bibi Hana, yule Mwingereza aliyepikiwa na mama, alikuwa anakufundisha kuandika, mimi nikingoja biskuti nje. Unakumbuka alivyotueleza kwamba kwao Uingereza baba yake na babu yake walichimba makaa, na kwamba watu wa migodi wote ni kabila moja? Wewe ukamwuliza, "Mbona sisi tunakaa upande wa chini, maji machafu yanakopita?" Akakupa biskuti mbili unyamaze.

Vile vilima vya mchanga mweupe tulikokuwa tunateleza juu ya bati bado vipo. Mwingine anaona mchanga tu. Mimi nakuona wewe umekaa mbele, mama chini anapiga kelele tutavunjika shingo.

Mkataba wangu unaisha Novemba. Nikiuvunja sasa watanifunga, sheria unaijua. Mwambie mama Novemba.

Nduguyo,
Yunusi


Nachingwea,
2 Oktoba 1950

Mdogo wangu Yunusi,

Salamu. Naandika nimesimama, dereva wa lori la Lindi anapiga honi mlangoni. Mama ni mgonjwa sana. Njoo upesi. Mengine utayakuta huku.

Dada yako,
Zaina


Kambi ya Mawe Meupe, Lupa
4 Novemba 1950

Dada yangu mpenzi,

Pole sana. Na mimi nijipe pole, maana hapa hakuna wa damu yangu wa kunipa.

Barua yako nimeielewa. Tangu lini wewe ukaandika mistari mitatu? Hata baba alipofukiwa shimoni, si wewe uliyeandika Matambarale kwamba Abdala ni mgonjwa sana, mje? Na mjomba Swalehe hakuuliza ugonjwa gani; matanga yalianza siku hiyo hiyo. Kwetu msiba hauandikwi mtu akausome peke yake. Nakushukuru kwa kunistahi. Hata hivyo nilimpa Mzee Awadhi, mwenzetu wa Kusini hapa kambini, aisome, nihakikishe. Aliisoma, akavua kofia.

Watu wa Kusini tulioko hapa tumekaa matanga siku tatu. Tumesoma hitima. Kila mtu alisema neno juu ya mama, hata wasiomjua, basi nami nikasimulia. Niliwasimulia ile Krismasi Waingereza walipopuliza matarumbeta na kugawa peremende, mama akapanga mstari na sisi, akapokea, akaenda kubadili kanga, akarudi kupanga tena. Yule Bwana Mkubwa akamwambia, "Mama, watoto wako ni wengi mwaka huu."

Niliwasimulia na ile siku moshi ulipojaa shimoni, wanaume arobaini wamo ndani, baba yumo, na mumewe Bibi Hana yumo. Wanawake wote walisimama kwenye mdomo wa shimo tangu asubuhi hadi jua kuzama. Bibi Hana alikuja na viatu vya ndani, anatetemeka. Mama akavua kanga yake ya juu akamfunika, wakasimama wameshikana mikono, hakuna aliyekuwa bibi wala mpishi. Siku ile wote walitoka salama. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilidhani ni mama aliyewatoa. Mungu amlaze pema.

Dada, unisamehe sikukimbilia huko. Nilijua ameshazikwa, nikajiuliza nije mikono mitupu nifanye nini? Wiki iliyopita nimesaini mkataba mwingine wa mwaka, nipate kitu cha kumjengea kaburi zuri. Nilichelewa kwake akiwa hai. Sijui nitaubeba wapi mzigo huu.

Nduguyo,
Yunusi


Nachingwea,
3 Desemba 1950

Yunusi!

Salamu baadaye. Mama yuko hai. Hai, mdogo wangu, anakunywa uji, amelala hatua tatu kutoka hapa ninapoandika!

Mjinga ni mimi. Kweli alikuwa mgonjwa sana siku ile, hakuweza hata kugeuka kitandani, na mimi nikaandika kilichokuwepo. Laiti ningemwambia yule dereva angoje! Maneno kumi tu zaidi, ungejua. Nilipoandika sikukumbuka kabisa kwamba hayo ndiyo maneno tunayoyaandika mtu akifa. Sasa kila nikiyakumbuka najipiga mapaja.

Barua yako Adinani ameileta wakati namlisha. Mama akasema, "Ya Yunusi hiyo? Nisomee." Nikaanza kusoma kabla sijaipitia. Pole ya kwanza nikadhani ni ya kuuguza. Nilipofika kwenye ile barua ya msiba wa baba, ndipo nikaelewa. Nikamruka Mzee Awadhi na kofia yake. Nikaruka matanga, nikaruka hitima, nikamsomea peremende. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamsomea ile siku ya moshi, akasema, "Kumbe mtoto alikuwa anaona." Kisha akaniuliza, "Mbona kanisifu hivi? Anataka nini?" Nikamwambia anataka kuja. "Na wewe unalilia nini?" Nikasema moshi wa jikoni.

Nilikwenda posta nipeleke simu ya maandishi. Karani Kornel, mtu mwema, akaniambia itafika Mbeya, na kutoka Mbeya itapandishwa lori kama barua nyingine. Na hata ingefika, ningeandika nini? "Mama mgonjwa, njoo"? Utasema narudia msiba ule ule. "Mama hajambo, njoo"? Nani anaruhusiwa kuacha mkataba kwa sababu mama yake hajambo? Nilisimama dirishani watu wananisukuma nyuma, fomu mkononi, nikairudisha tupu.

Najua hutaamini barua hii. Utasema dada kaona nimeumia sana, ananipoza. Basi nimemwuliza mama akupe neno ambalo mimi silijui. Kasema hivi: "Mwambie kile kioo cha Bibi Hana nilijua ni yeye aliyekivunja. Nilimwambia Bibi Hana ni mimi, kwa ufagio, na nikafua nguo zake mwezi mzima. Baba yake hakuambiwa." Haya, ni kweli au si kweli? Na hapo chini ni dole gumba lake. Wino nimempaka mwenyewe, ameulamba kidogo.

Vunja mkataba, Yunusi. Sijawahi kukuomba ufungwe, leo nakuomba. Daktari hanitazami tena usoni.

Dada yako,
Zaina


Nachingwea,
11 Januari 1951

Mdogo wangu Yunusi,

Leo naandika wazi. Mjomba Swalehe amenigombeza kwamba haifai, lakini siwezi tena kutumia maneno ya kuficha. Mama amefariki. Ni Jumanne asubuhi, tarehe tisa. Tumemzika hapa hapa Nachingwea, maana njia ya Ruangwa imekatika kwa mvua na hatukuweza kumrudisha kwao Matambarale.

Sijui kama barua yangu ya Desemba ilikufikia. Hujajibu. Lori lolote likisimama nje alikuwa anageuza uso mlangoni. Siku mbili za mwisho hakuwa Lupa tena, alikuwa hapa na mimi. Aliniuliza, "Hakuamini?" Nikamwambia ameamini, mama, yuko njiani. Sijui kama nilimdanganya. Nilisema tu, sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Usiisome barua hii peke yako, kaa na Mzee Awadhi. Nimekukasirikia na nakuhurumia, na nikimaliza hapo najikasirikia mwenyewe. Njoo mkataba utakapoisha. Mimi nipo.

Dada yako,
Zaina


Tunduru,
27 Januari 1951

Mama yangu mzazi,

Shikamoo, mama. Shikamoo tena. Sijawahi kukuandikia wewe mwenyewe, siku zote nilimwandikia dada. Hii akusomee yote, asiruke kitu.

Barua yenye dole gumba lako niliipata tarehe tano. Mzee Awadhi alikuwa wa kwanza kusema ni maneno ya kunituliza. Nilipofika kwenye kile kioo nikapiga kelele, watu wakadhani nimepata wazimu. Hakuna mtu duniani aliyekijua kioo kile! Zamu ya usiku ilipoitwa mimi sikuitika. Nimeuacha mkataba, nimeacha na blanketi. Wakinikamata wanifunge, lakini nikiwa nimeshakuona.

Nimepanda malori mpaka Songea, kutoka hapo nimetembea zaidi kuliko kupanda. Sasa niko hapa siku ya nne. Mto umejaa, daraja limekwenda na maji, malori yamepanga mstari ng'ambo zote mbili na madereva wanacheza bao. Asubuhi naenda kuutazama, mchana naenda, jioni naenda. Haushuki. Kuna bwana mmoja, Jumaa, anavuka kesho kwa mtumbwi na mfuko wa barua tu, watu hachukui. Nimempa hii itangulie.

Mama, nilikulilia siku tatu. Nilikaa chini kwenye mkeka nikapokea mikono ya watu, nikala chakula cha msiba wako. Nilikulilia nikamaliza, nikabaki mkavu. Kisha Mungu akakurudisha. Sijui ni wangapi waliofanyiwa hivyo. Sitaki kukulilia tena, sitaweza, nguvu hiyo imekwisha.

Basi usichoke, ni siku chache tu. Kula uji wote anaokupa dada hata kama hauna chumvi. Mwambie akuketishe mlangoni asubuhi, nikitokea barabarani uwe wa kwanza kuniona. Nimeota ndevu, usije ukaniuliza mimi ni nani.

Mwanao,
Yunusi