Vifungo vya Shati la Abdi

Jumanne, baada ya isha

Leo wageni kutoka Nairobi walikuja na kamera pale kliniki ambako mume wangu, Abdi, anafanyishwa mazoezi. Tangu bomu la barabarani kule Elwak limuumize ubongo na kumtoa jeshini, anajifunza upya kushika kijiko na kufunga vifungo.

Alikuwa kwenye kifungo cha pili, jasho likimtoka. Mkubwa wa wageni akachoka kungoja. Akamwinamia, akaanza kumfungia huku akitabasamia kamera. "Pole, shujaa wetu," akasema, kama anambembeleza mtoto mchanga.

Abdi akausukuma mkono ule. "Wacha. Nafunga... mwenyewe."

Yule bwana akajifuta mkono kwa kitambaa. Akajifuta! Kisha wakapanda gari, wakaenda zao.

Naogopa Abdi atabaki hivi. Naogopa zaidi kwamba nami siku moja nitachoka kungoja.

Yeye hakuinua hata kichwa gari lilipoondoka. Alipomaliza kifungo cha mwisho akaniuliza, "Halima, imekaa sawa?"

Vyote vilikuwa vimeingia matundu yasiyo yake. Nikamwambia ukweli. Akacheka, akaanza kuvifungua.