Maji ya Jaruba la Naivo

Ambohitsara,
14 Agosti

Kwa Voahangy, mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na wanao. Je, kifua kimekuachia, au baridi ya Antsirabe bado inakusumbua na hizo nguo za watu unazofua? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, analala, na bado analalamika kwamba hakuna anayejua kuchemsha maji ya ukoko isipokuwa wewe. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Mifupa ya mumeo ilifika Jumamosi kutoka kwenye mashimo ya yakuti, imefungwa vizuri kwa mkeka. Wiki ijayo watu wa ukoo wao watafungua kaburi wamlaze na babu zake. Nilikwenda kwa mama mkwe wako, Bi Razafy, kukuombea nafasi. Wazee wao watatu walikuwapo. Alinipa wali, kisha akasema pale kaburini wewe hukanyagi. Alisema wewe ndiwe uliyemtoa mwanawe nyumbani: ulipanda mpunga Alhamisi, siku ambayo mababu zao wamekataza mtu kugusa tope, mpunga ukaoza, Naivo akaenda kuchimba mawe na kufia ugenini.

Unakumbuka mwaka ule. Kijiji kilinituma mimi mjini kwa bwana shamba, siku tatu, nijifunze upandaji mpya nije kuwafundisha wote. Nilirudi kichwa kimenivimba. Nikawaambia miche iwe ya siku nane tu, ipandikizwe mmoja mmoja, kwa nafasi. Wanawake walicheka mpaka wakakaa kwenye matuta, wakauliza kama tunapanda mpunga au nywele za mzee mwenye upara. Naivo peke yake ndiye aliyeniamini. Wengine walisema watangoja waone jaruba lake.

Miche yenu ikatimiza siku nane Alhamisi. Naivo alisita. Wewe ukamwambia kwamba mababu nao walikula wali, wataelewa, ukaingia topeni wa kwanza. Nilikuonea fahari sana siku ile.

Wiki mbili baadaye jaruba lenu lilikuwa linanuka, na langu, lililo chini yake, limesimama kijani. Mimi nilikuwa nimepanda Jumatano, kwa hiyo kila mtu aliona kosa ni Alhamisi. Hakuna aliyejaribu tena. Mwaka uliofuata hata mimi nilirudia upandaji wa zamani, maana wanawake walikataa kunishikia mche mchanga. Kijiji kizima bado kinaishiwa na kununua mchele kuanzia Januari.

Voahangy, kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Bwana shamba alinifundisha jambo moja zaidi. Mche mchanga hautaki kuogelea. Baada ya kupandikiza unamwaga maji, unaacha tope tu. Naivo aliniuliza habari ya maji hayo, jembe mkononi, tayari kubomoa tuta. Lakini maji ya jaruba lake hayana pa kwenda ila kwangu, na miche yangu ilikuwa na siku moja tu ardhini. Nikamwambia ayaache yajae shibiri moja. Nilijiambia nitamweleza baada ya siku tatu, miche yangu ikishika. Siku ya tatu niliona haya. Siku ya kumi hapakuwa na cha kuokoa. Bi Razafy alipoanza kuitaja Alhamisi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Haya yote niliwaeleza Bi Razafy na wazee siku ileile niliyokwenda kukuombea nafasi, kabla sijanawa mikono baada ya wali wao. Sikuficha neno. Bi Razafy alinisikiliza hadi mwisho, machozi yakamtoka, akanishika mkono akasema una bahati kuwa na kaka anayekubali kujipaka matope kwa ajili ya dada yake. Mzee mmoja aliuliza kwa upole tangu lini mpunga ukafa kwa maji. Jana nilirudi, nikawaeleza tena. Wamezidi kunipenda.

Kwa hiyo usije wiki ijayo. Watakufukuza mbele ya watu, na mimi sina tena la kuwaambia. Mama anakusalimu, anakutumia maharage kwa mchukuzi wa barua hii. Wabusu watoto. Usiponijibu sitauliza kwa nini.

Mimi wamenipa heshima ya kumbeba Naivo, begani, upande wa kichwa.

Kaka yako,
Solofo